Sababu Zilipita, Kisu Kikabaki

Februari 1870, jijini New York, daktari bingwa wa mifupa Lewis Sayre aliitwa na mwenzake amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano aliyekuwa hawezi kutembea. Magoti yalikuwa yamejikunja, hayanyooki. Sayre alidhani ni kupooza, akaandaa chombo chake cha umeme ili aishtue misuli ya mapaja. Kabla hajaanza, yaya wa mtoto akamtahadharisha asimguse sehemu za mbele, maana zinamuuma mno. Sayre alipofunua alikuta govi limebana na limewiva kwa uvimbe. Kesho yake, mbele ya wanafunzi wa Hospitali ya Bellevue, mtoto alipewa nusu kaputi na kutahiriwa. Haukupita muda mrefu miguu ikanyooka, akatembea.

Msomaji wa leo haoni ajabu hapo: mtoto alijikunja kwa maumivu, na maumivu yalipoondoka akajikunjua. Sayre aliona makubwa zaidi. Madaktari wengi wa enzi hizo waliamini kwamba kiungo kimoja kikisumbuka, mishipa ya fahamu huisambaza fujo hiyo mwili mzima, na kwa imani hiyo govi likawa mshukiwa wa kila kesi. Alichapisha taarifa yake mwaka huo huo, kisha akaendelea kutahiri watoto wenye kifafa, ngiri, matatizo ya nyonga na hata wale walioitwa punguani. Wala hakuwa mganga wa vichochoroni. Mwaka 1880 alikuwa rais wa Chama cha Madaktari cha Marekani. Naye mwenzake aliyemwita siku ile, J. Marion Sims, ndiye yule aliyejifunzia upasuaji wa fistula kwa wanawake watumwa wa Alabama bila dawa ya ganzi, na ambaye sanamu yake iling'olewa Central Park mwaka 2018. Katika tiba ya namna ile, ridhaa ya mgonjwa aliye mtu mzima ilikuwa jambo la hiari ya daktari. Ya mtoto ndiyo kabisa.

Nimeanzia Bellevue kwa makusudi. Sisi tuliokulia katika jamii ambako tohara ni ya dini au ya mila hudhani kwamba Mmarekani anayemtahiri mwanawe siku ya pili baada ya kuzaliwa anafuata Biblia. Sivyo. Wengi wao si Wayahudi wala Waislamu, na kanisa lao halijawaagiza kitu. Wanafuata desturi ya hospitali, yenye umri wa miaka mia moja na hamsini hivi, ambayo kila mara imekuwa na sababu nzuri ya kisayansi, ila sababu yenyewe hubadilika.

Baada ya mishipa ya fahamu ilikuja punyeto. Karne ya 19 ilikuwa na hofu ya ajabu juu ya jambo hilo; lililaumiwa kwa wazimu, upofu, kifua kikuu na mgongo kupinda. John Harvey Kellogg, daktari wa Battle Creek, Michigan, ambaye jina la ukoo wake bado limo kwenye maboksi ya nafaka za kifungua kinywa, alishauri wavulana wenye tabia hiyo watahiriwe, tena bila ganzi, ili uchungu wenyewe uwakae akilini kama adhabu. Aliandika hayo bila kuficha, katika kitabu cha mafunzo ya familia. Huko London, Jonathan Hutchinson, mmoja wa madaktari wakubwa wa Uingereza, naye aliitetea tohara mwaka 1890 kwa sababu hiyo hiyo. Mapema zaidi, mwaka 1855, alikuwa ameonyesha kwamba Wayahudi wa London waliugua kaswende kidogo kuliko majirani zao, akaihesabia tohara sifa yote pasipo kuuliza kama majirani hao waliishi maisha ya namna moja.

Mwaka 1932 sababu ikawa saratani ya uume. Miaka ya 1950 ikawa saratani ya shingo ya kizazi kwa wake wa wasiotahiriwa. Mwaka 1985 daktari wa jeshi la Marekani, Thomas Wiswell, akaleta hoja ya maambukizi ya njia ya mkojo kwa wachanga. Mwaka uliofuata, Aaron Fink wa California akaandika kwamba huenda tohara inakinga Ukimwi, wakati huo ikiwa ni dhana tu. Tuwe wakweli: hoja hizi hazina uzito sawa. Ya punyeto ni ya kuchekesha leo. Ya njia ya mkojo ni kweli, ingawa ni ndogo: takriban mtoto mmoja kati ya mia wasiotahiriwa hupata maambukizi hayo katika mwaka wa kwanza, na uchambuzi wa tafiti ulikadiria kwamba inabidi watahiriwe wachanga 111 ili kumwepusha mmoja na ugonjwa unaotibika kwa dawa za kawaida. Ya Ukimwi ina uzito mkubwa, nami nitairudia. Ila tazama mpangilio wake: kisu kilitangulia, utafiti ukafuata nyuma ukitafuta kazi ya kukipa.

Ilikuwaje basi tohara ikahama kutoka kwa mvulana mgonjwa wa miaka mitano hadi kwa kila kichanga mwenye afya? Jibu ni wodi ya wazazi. Mwaka 1900 mwanamke wa Marekani kujifungulia hospitali lilikuwa jambo nadra; kufikia miaka ya 1950 karibu wote walijifungulia huko. Mkunga wa mtaani hakuwa na kisu, daktari alikuwa nacho, na mtoto yupo pale pale kitandani. Tohara ikawa pia alama ya hadhi. Aliyetahiriwa alikuwa mtoto wa watu wenye uwezo wa kumlipa daktari, si wa mhamiaji aliyeshuka melini juzi. Bima za waajiri zilipoanza kulipia uzazi baada ya Vita Kuu ya Pili, gharama haikuonekana tena. Katika kilele cha desturi hiyo inakadiriwa kwamba zaidi ya wavulana 8 kati ya 10 waliozaliwa Marekani walitahiriwa.

Vifaa navyo vilifuata. Katikati ya miaka ya 1930, mjini Buffalo, daktari Hiram Yellen na fundi Aaron Goldstein walitoa kibano kilichokuja kuitwa Gomco, na hadi leo kinatumika. Kazi yenyewe inakwenda hivi. Mtoto analazwa chali juu ya ubao wa plastiki uliofinyangwa kwa umbo la mwili wake, mikono na miguu inafungwa kwa mikanda ili asitikisike. Kwa kichanga, govi na kichwa cha uume bado vimeshikamana kama kucha na kidole, kwa hiyo hatua ya kwanza ni kupenyeza kifaa butu na kuvibandua. Govi linachanwa kwa juu, kikengele cha chuma kinavalishwa kwenye kichwa cha uume, govi linavutwa juu yake, kibano kinakazwa. Hapo daktari husubiri dakika tano hivi ili mishipa ya damu ipondeke, ndipo wembe upite. Kwa mkono uliozoea, damu ni matone machache.

Kwa miongo mingi haya yote yalifanywa bila ganzi. Fundisho la vyuo vya udaktari lilikuwa kwamba neva za mchanga hazijakomaa, kwa hiyo hasikii, au akisikia hatakumbuka. Hata upasuaji wa moyo ulifanywa kwa baadhi ya wachanga kwa kuwapa dawa ya kulegeza misuli tu. Mwaka 1987 ndipo Kanwaljeet Anand, daktari kijana aliyetafiti akiwa Oxford, alipoonyesha kwamba njiti waliopasuliwa bila dawa ya kutosha ya maumivu walipata mshtuko mkubwa wa mwili na matatizo mengi zaidi baada ya upasuaji. Mwaka 1997 Anna Taddio na wenzake wa Toronto wakachapisha matokeo mengine: wavulana waliotahiriwa bila ganzi walilia na kuumia zaidi walipochomwa chanjo miezi kadhaa baadaye kuliko wasiotahiriwa. Mwili ulikuwa umeweka kumbukumbu yake. Miaka miwili baadaye, chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, AAP, kikatamka kwamba mtoto anayetahiriwa lazima apewe dawa ya maumivu. Mwaka 1999! Tohara ilikuwa imeshafanywa kwa mamilioni.

Sentensi ile ile ya vyuo vya zamani bado inatembea kwetu. Muulize mzazi yeyote Dar es Salaam au Mombasa kwa nini amemtahiri mwanawe kabla ya arobaini, atakwambia akiwa mdogo hasikii sana na kidonda kinapona upesi. La pili lina ukweli. La kwanza halina, na mzazi ana haki ya kumuuliza mhudumu waziwazi, kabla mtoto hajashikwa, ni dawa gani ya ganzi atakayotumia.

Uingereza ilikwenda njia nyingine, na kwa kiasi kikubwa ni kwa sababu ya makala moja. Desemba 1949 daktari wa watoto wa Cambridge, Douglas Gairdner, alichapisha uchunguzi wake katika jarida la madaktari la Uingereza. Aliwakagua watoto mmoja mmoja na kukuta kwamba ni asilimia 4 tu ya wanaozaliwa ambao govi lao hurudi nyuma lote, na kwamba kufikia miaka mitatu idadi inafika asilimia 90. Watafiti waliomfuata, akiwamo Jakob Øster wa Denmark, walionyesha kwamba kwa wengine hali hiyo huendelea hadi ujana bila ugonjwa wowote. Kwa maneno mengine, "govi lililobana" ambalo watoto walitahiriwa kwalo lilikuwa maumbile ya umri wao. Gairdner alihesabu pia vifo: watoto wapatao 16 kwa mwaka Uingereza na Wales. Akaongeza jambo la kitabaka lililowachoma wengi: miongoni mwa wanafunzi wa chuo waliotoka shule za kifahari, asilimia 84 walikuwa wametahiriwa, waliotoka shule za kawaida walikuwa nusu. Huduma ya afya ya taifa ilikuwa ndiyo kwanza ina mwaka mmoja, na haikukubali kulipia tohara isiyo na ugonjwa. Bila mlipaji, desturi ilinyauka kimya kimya, na wavulana wa Kiingereza hawakuanza kufa kwa saratani ya uume.

Marekani ilibaki inayumba. Mwaka 1971 AAP ilisema hakuna sababu ya kitabibu ya kutahiri wachanga wote. Mwaka 1989 ikasema huenda ipo faida. Mwaka 1999 ikasema faida haitoshi kuipendekeza. Mwaka 2012 ikasema faida inazidi madhara, lakini si kiasi cha kuipendekeza kwa wote. Madaktari kadhaa wa Ulaya wakajibu mwaka uliofuata kwamba wenzao wanasoma takwimu kwa miwani ya utamaduni wao. Wazazi nao wameanza kuamua wenyewe: kati ya 1979 na 2010, kiwango cha wachanga wanaotahiriwa hospitalini kilishuka kutoka asilimia 64.5 hadi 58.3, na majimbo ya magharibi kikafika 40.2.

Kuna tukio moja la AAP ambalo naona linasema mengi kuliko matamko yake yote. Mwaka 2010 ilipendekeza kwamba madaktari waruhusiwe kuwachanja kidogo watoto wa kike wa familia za wahamiaji, tone la damu tu, ili familia zisiwapeleke kukeketwa. Dunia ilichachamaa, na mwezi mmoja baadaye pendekezo likaondolewa. Sifananishi ukeketaji na tohara ya wavulana. Madhara ya ule yanajulikana, na Tanzania iliupiga marufuku kwa wasichana chini ya miaka 18 tangu 1998. Lakini kanuni iliyotumika kukataa tone lile la damu ilikuwa kwamba mwili wa mtoto asiye mgonjwa hauguswi kwa kisu kwa ajili ya desturi ya wakubwa. Aliyezaliwa wa kiume chumba cha pili katika hospitali ile ile hakuhesabiwa.

Hapa wenye dini watauliza: na sisi je? Swali lao ni zito kuliko la hospitali, kwa sababu wao hawakuwahi kudai kwamba wanatibu. Mei 2012 mahakama ya Cologne, Ujerumani, katika kesi ya mtoto wa Kiislamu wa miaka minne aliyetokwa damu nyingi baada ya kutahiriwa, iliamua kwamba tohara ya kidini ni kumdhuru mtoto mwilini, ingawa daktari aliachiwa huru. Viongozi wa Kiyahudi na wa Kiislamu, watu wasiokaa meza moja mara kwa mara, walisimama pamoja kuipinga hukumu hiyo. Katika nchi ile ya Hitler, sheria inayomfanya Myahudi mhalifu kwa kumtahiri mwanawe isingeweza kusimama, na Desemba ya mwaka huo bunge likapitisha sheria ya kuiruhusu kwa kura 434 dhidi ya 100, mradi ifanywe kwa kufuata taratibu za kitabibu. Naona bunge lilifanya busara. Kupiga marufuku kungeirudisha tohara gizani, kwenye wembe usiochemshwa.

Hata hivyo dini zenyewe hazina kauli moja juu ya umri. Kitabu cha Mwanzo kinamtaja Ibrahimu akitahiriwa ana miaka 99, Ishmaeli 13, na Isaka siku 8. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, wajibu humshika mtu anapobaleghe. Siku ya saba ni sunna kwa mzazi. Na aliyeeleza kwa uwazi kuliko wote kwa nini mchanga ndiye achaguliwe ni Maimonides, mwanazuoni wa Kiyahudi aliyekuwa pia tabibu huko Misri karne ya 12. Akiachwa akue, alisema, huenda akakataa. Akaongeza kwamba mapenzi ya mzazi kwa mtoto mchanga bado hayajakolea kama yatakavyokolea akikua, kwa hiyo ni rahisi kwake kumtoa. Miaka mia nane baadaye, sijasikia mtetezi wa hospitali aliyethubutu kusema ukweli huo kwa ufupi namna hiyo.

Jando lilichagua kinyume chake. Kijana alikwenda kumbini akijua anakokwenda, na kumkabili ngariba pasipo kulia ndiko kulikomfanya mtu. Sitaki kulisifu kupita kiasi. Wembe mmoja ulipita kwa wengi, wapo ambao hawakurudi, na hiari ya mvulana ambaye akikataa atachekwa maisha yake yote ni hiari ya jina. Lakini aliyetahiriwa alikuwepo, na aliambiwa kwa nini.

Ndivyo pia sayansi ya Ukimwi ilivyoanza kwetu. Majaribio matatu makubwa, Orange Farm huko Afrika Kusini, Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda, yaliwahusisha wanaume zaidi ya 10,000, wengi wao vijana, waliokubali wenyewe kuingia katika utafiti. Matokeo yalikuwa thabiti: tohara ilipunguza uwezekano wa mwanamume kuambukizwa VVU na mwanamke kwa kati ya asilimia 50 na 60. Machi 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa nchi zenye maambukizi makubwa. Kwa Waluo, ambao kwa asili hawatahiri, haikuwa rahisi. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, wanaume wa Kiluo walikamatwa na kutahiriwa kwa nguvu, kwa panga na vipande vya chupa. Miezi michache baadaye, Raila Odinga akiwa waziri mkuu, aliwahimiza wanaume wa Nyanza waende kliniki, nao wakaenda kwa malaki. Upasuaji ni ule ule kwa jina. Hakuna mtu aliyehitaji kuelezwa kwa nini mmoja ulikuwa jinai na mwingine huduma.

Tanzania ilianzia mikoa kama Iringa, ambako utafiti wa 2007–08 ulikuta maambukizi karibu asilimia 16 na waliotahiriwa chini ya theluthi moja ya wanaume. Vijana walijitokeza kuondoa "mkono wa sweta", yaani govi, kwa wingi uliowashangaza hata waandaaji. Kisha, kuanzia 2013, mkoani humo humo, wakaanza kutahiriwa wachanga wa ndani ya siku 60. Hoja ni ya kihasibu: kidonda kidogo, gharama ndogo, kazi imekwisha. Lakini mtoto huyo hataweza kuambukizwa kwa ngono kwa miaka 15 au zaidi, muda ambao dawa na kinga zinabadilika, na ushahidi wote ulipatikana kwa watu waliokubali wenyewe. Uharaka wa kijana wa Iringa siuoni kwa mchanga wa wiki mbili.

Mwaka 2020 PEPFAR, mpango wa serikali ya Marekani uliogharamia sehemu kubwa ya tohara hizi Afrika, ulipandisha umri wa chini wa huduma hiyo hadi miaka 15, baada ya taarifa za wavulana wadogo kuumizwa uume na mrija wa mkojo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka huo ukalenga umri huo huo, na kati ya hoja zake ni kwamba mwenye miaka 15 anaweza kuelewa na kujiamulia. Afrika Kusini ilikuwa imeshaandika jambo la kufanana na hilo katika sheria yake ya watoto ya 2005: chini ya miaka 16 ni kwa sababu za dini au za kitabibu tu, na mvulana, kulingana na umri na upevu wake, ana haki ya kukataa. Kwa fedha za walipa kodi wa Marekani, kijana wa Njombe alikalishwa, akapewa ushauri nasaha, akaulizwa kama anataka. Huko huko Marekani, katika wodi ya wazazi, fomu ya tohara bado huletwa pamoja na karatasi nyingine za kuruhusiwa kwenda nyumbani, na mama aliyejifungua jana anaisaini.